Aliyemshika Mwisho

Nilimvunja Mtoto Yesu wa nyumba ya wakwe zangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, asubuhi, nikiwa na mimba ya miezi sita na ushee. Nalisema hapa mwanzoni kabisa kwa sababu mwaka ule sikulisema, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotutia wote katika hofu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nywele zinanisimama.

Mama mkwe wangu, Custodia, alikuwa ametoka kuwasha mshumaa wa kwanza wa zambarau kwenye shada la majani lililokaa katikati ya meza. Tulisali, tukanywa kahawa, Ovidio mume wangu akaenda kuwatazama ng'ombe. Ndipo mama akafungua kasha lake, akatoa kifurushi cha flana, akaniwekea mapajani.

“Mwaka huu gauni lake utashona wewe,” akaniambia. “Mimi macho yamekwisha. Mpime vizuri, na usimshike kama unashika kiazi.”

Huku milimani Mérida kila nyumba ina Mtoto wake wa hori. Wetu alikuwa wa plasta, urefu wake kama mkate, mashavu mekundu, vidole vya miguu vimechongwa kimoja kimoja. Alikuwa ameona maziko ya vizazi vinne vya ukoo huo bila kupata hata ufa. Mimi ni mtu wa kuja, nilizaliwa kule chini kwenye joto, na katika miaka sita ya ndoa ile ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kumgusa. Nilifurahi jamani, siwezi kuficha. Mama akaenda jikoni kukanda unga, nami nikachukua futi ya kushonea.

Mara mtoto wangu wa tumboni akanipiga teke. Lilikuwa teke kubwa la kwanza la mimba ile. Nikashtuka kwa furaha, nikaupeleka mkono tumboni, mkono ule ule uliokuwa umemshika Mtoto.

Alianguka kwenye sakafu ya saruji. Hakupiga kelele kubwa. Nilipomwokota miguu yote miwili ilibaki chini, imekatika chini ya magoti, safi kabisa.

“Kimeanguka nini huko?” mama akauliza kutoka jikoni.

“Mkasi, mama.”

Uongo wangu wa kwanza huo, na ulitoka wenyewe, laini kama siagi. Niliiokota ile miguu. Mshumaa ulikuwa bado unawaka mezani. Nikadondosha nta ya moto kwenye magoti, nikabandika mguu mmoja, nikabandika wa pili, nikapuliza mpaka ikaganda. Nikamfunga flana upesi, nikaketi na kifurushi kifuani nikimsikiliza mama akipigapiga unga.

Sasa mtu atasema, plasta tu hiyo, ungekiri ukasamehewa. Huyo hajazika watoto. Mimi nilikuwa nimeshapoteza wawili. Wa kwanza alitoka na miezi minne. Wa pili alitoka na miezi saba, tukampa jina, tukampeleka makaburini katika kisanduku ambacho Ovidio alikibeba kwapani. Huyu wa tatu alikuwa ameikaribia miezi ile ile saba. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho nilijipapasa tumbo nione kama bado yupo.

Na mama mkwe alikuwa na hadithi yake, aliyoisimulia kila Majilio. Zamani palikuwa na mwanamke wa bonde la pili, Hermelinda, aliyemwangusha Mtoto kwenye moto wa jiko. Kabla ya Pasaka akamzika mwanawe. “Mtoto wa hori na mtoto wa nyumba ni ndugu,” mama alikuwa akisema. “Huyu akiumia, yule anaumia. Na baya lake halipotei njia. Linakwenda kwa aliyemshika mwisho.” Alilisema hilo huku akichambua maharage, kwa sauti ile ile ya kutangaza bei ya karoti, na ndiyo maana lilitisha.

Gauni nililishona refu kupita kiasi, na chini yake nikazungushia utepe mweupe kuibana ile miguu.

“Umemfunga kama kichanga cha siku moja,” mama akaniambia.

“Si ndiyo anazaliwa, mama?”

“Ulimi unao, wewe.” Akacheka.

Majilio yale sitaki hata kuyakumbuka. Wenzangu waliamka alfajiri kwenda misa ya fataki na nyimbo, wakirudi wanacheka na mafua yao. Tuliokota kuvumwani na majani kule juu, Ovidio akajenga milima ya hori sebuleni, na ziwa la kioo, na kondoo wakubwa kuliko nyumba. Kila Jumapili mama aliwasha mshumaa mwingine, nami nikaona siku inavyosogea ambayo Mtoto atafunuliwa mbele za watu. Tukikaa kufunga hayaka, chakula chetu cha Noeli, meza nzima imejaa majani ya mgomba na unga na nyama, watu wakitaniana, mimi nilikuwa nafunga kamba tu kimya.

“We Marbella, mbona umekauka hivyo?” aliniuliza Ubaldina. “Umemeza kijiti?”

Ubaldina ndiye jirani yetu wa karibu, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika bonde zima. Mumewe yuko Kolombia kwenye kazi za watu. Anaishi na mwanawe mmoja, Yoiner, ambaye siku ile alikuwa ameketi chini ya meza anatafuna jani. Miezi kumi na mitano, mnene, macho maangavu, lakini hajasimama bado.

“Mgongo unauma, mama Yoiner,” nikamjibu.

“Mgongo ni kazi yake kuuma. Wewe mtazame huyu wangu, anataka abebwe mpaka aoe.”

Mkesha wa Noeli mama alitaka kumpitisha Mtoto mikononi mwa watu ili kila mmoja ambusu miguu. Nilikuwa nimelisahau hilo la miguu. Nilimpokonya mama Mtoto kwa adabu, nikasema apumzike, nitawapitishia mimi. Nikapita kwa mmoja mmoja, kidole gumba changu kimebana magoti chini ya gauni, nikihisi nta inalainika kwa joto la mkono wangu. Watu kumi na wanne walibusu. Wa mwisho alikuwa Ovidio, akabusu miguu, kisha akaniinamia akalibusu na tumbo langu.

Basi, baada ya Mwaka Mpya, Mtoto wa mtu yeyote huku kwetu anaweza kuibwa. Jirani anaingia, anamficha ndani ya poncho, anakwenda naye, na mwenye nyumba akikuta hori tupu hupiga mayowe ya uongo. Kisha kabla ya tarehe mbili Februari anatafuta mpiga fidla na waimbaji, wanapita mlango kwa mlango kumuulizia, mpaka mwizi amtoe. Anarudishwa kwa nyimbo, anasimamishwa kwa miguu yake mbele ya wote, watu wanakula keki na kunywa mvinyo. Mtoto asiyesimamishwa huiachia nyumba mwaka mbaya.

Ndipo shetani akaninong'oneza. Au tusimsingizie shetani, nilijinong'oneza mwenyewe. Akiibwa, wa mwisho kumshika si mimi tena.

Nilimkuta Ubaldina bombani anajaza ndoo.

“Mama Yoiner, mwaka huu mna woga gani? Hori letu liko wazi, hata paka hajaja.”

“Siku hizi mwizi anapigiwa matangazo?”

“Nasema tu. Jumanne wanaume wako kwenye viazi, mama anakwenda mjini kuangaliwa macho.”

“Na wewe?”

“Mimi na tumbo hili nikilala hata ng'ombe apite juu yangu siamki.”

Alicheka mpaka akamwaga maji miguuni. “Haya, mwenzangu. Wewe lala.”

Jumanne nikajilaza, nikajikoromesha. Nilisikia mlango, nikasikia viatu vyake, nikamsikia akimwambia Mtoto taratibu, “Twende zetu, baba, kwangu kuna joto.” Nilingoja mpaka hatua zake zikaisha. Na nitasema ukweli wote: nililala kwelikweli, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Jumapili ile ya mshumaa. Nilipoamka niliimba. Siku zilizofuata nilifua vinguo vya mtoto nikavianika kwenye kamba nikiimba, na mama akasema kumbe nina sauti.

Siku ya kumi Ovidio alirudi jioni, akaweka kofia, akasema, “Mtoto wa Ubaldina ana homa kali. Amempeleka zahanati, wamempa dawa, homa haishuki.”

“Maskini,” mama akasema. “Na hata kusimama alikuwa bado.”

Kijiko kilinibaki mkononi. Nilikuwa najua Yoiner hasimami. Nilijua tangu siku ya hayaka, nilijua pale bombani nilipokuwa namchekesha mama yake. Nilikuwa nimeutoa msiba nyumbani kwangu nikauweka nyumbani kwa mwenzangu, na sikumchagua mzee aliyekwisha kula chumvi yake, nilimchagua mwenye mtoto.

Na bado sikwenda. Siku hiyo sikwenda, ya pili sikwenda. Kwenda kulikuwa ni kumchukua Mtoto, na kumchukua kulikuwa ni kuwa mimi tena wa mwisho kumshika, na mimba imeshafika miezi minane, mtoto kamili na kucha zake. Alikuwa akinipiga mateke mchana kutwa. Nilikaa kitandani na mikono tumboni nikipima mtoto gani afe, kama Mungu kaniachia mizani. Wangu, au wa Ubaldina. Usiombe ujikute umekaa hapo. Kila mara nilichagua wangu asiwe yeye, kisha nasikia kwa mbali jogoo wa Ubaldina akiwika, naanza kupima upya.

Siku ya tatu alasiri nikajitanda shali nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mitaro ya viazi. Si mbali, ni dakika kumi, lakini nilisimama mara nne. Mara ya tatu niligeuka kurudi. Tumbo lilikaza, nikasema ndiyo hivyo, imeanza, hata sijamgusa. Likalegea. Nikaendelea.

Ubaldina alifungua mlango nusu. Yule mwanamke wa kicheko alikuwa amekwisha, macho yameingia ndani, nywele hazijachanwa. Nyumba ilinuka majani ya mkalitusi yaliyochemshwa. Yoiner alikuwa kitandani, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka.

“Anaendeleaje?”

“Anapumua.”

Hakunikaribisha kiti. Nilimwona Mtoto juu ya rafu, amefunikwa kitambaa cha bluu.

“Nimekuja kumchukua,” nikasema.

“Waimbaji wako wapi? Fidla iko wapi?”

“Hakuna. Mama Yoiner, ile miguu yake—”

“Miguu ina nta ya zambarau,” alinikatiza. “Nilimvua gauni siku ile ile nilipofika naye, ikanibaki mkononi. Nilipiga magoti hapo nikalia nikidhani nimemvunja mimi. Kisha nikaiona nta. Mishumaa ya zambarau bonde hili iko kwenu na kanisani, na padre hana kazi ya kubandika miguu.”

Nilitaka kuketi, sikuthubutu.

“Ulijua tangu siku ile.”

“Tangu siku ile. Kesho yake nilimbeba nije nikutupie usoni. Nikafika mpaka kwenye ukuta wenu wa mawe, nikakuona unaanika vinguo. Ulikuwa unaimba. Zile mimba mbili sikukusikia unaimba hata siku moja.” Alichovya kitambaa majini, akakikamua, akamwekea mwanawe kwenye paji la uso. “Nikageuka. Nikasema, hadithi ya Custodia tu hiyo, mimi nitamtunza mpaka waimbaji waje, nitasema nimemvunja mimi. Watanitukana, yatakwisha. Sikuwa naamini, unasikia? Mpaka huyu alipowaka moto.”

“Kwa nini hukumleta?”

“Mara tatu nimemfunga nimlete. Nafika hapo mlangoni nasema, yule ameshazika wawili, mimi sijazika hata mmoja. Nikawa nakusubiri. Jana nilisema atakuja. Juzi nilisema atakuja. Ulikuwa unafanya nini, Marbella?”



Alikwenda kwenye rafu, akamshusha, akanielekezea. “Mchukue. Nimechoka kuogopa peke yangu.”

Nilimpokea kwa mikono miwili. Namwambia asomaye: nilihisi nampokea mauti. Mtoto wangu tumboni alitulia ghafla, kimya kabisa, nami nikasimama pale nikingoja. Ubaldina naye alikuwa akilitazama tumbo langu, hakuondoa macho. Tulikaa hivyo sijui muda gani, mpaka likaja teke, dogo, upande wa kushoto. Nilimwonyesha kwa kichwa kwamba lipo. Akageuka akarudi kwa mwanawe.

Nyumbani nilimweka Mtoto mezani mbele ya mama mkwe, nikamvua gauni, nikamweleza yote kuanzia teke mpaka ile alasiri. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si desturi yake. Alivipapasa vile vipande kwa vidole maana macho hayakumtosha.

“Ulidhani ningekufanya nini?” akauliza.

“Ungenichinja, mama.”

“Ningekuchinja, ndiyo. Mficha uchi hazai. Hilo hukufundishwa kwenu?”

“Tulifundishwa.”

“Na mimi na mdomo wangu, na Hermelinda wangu kila mwaka.” Alilisema hilo chini chini, akinipa mgongo, na ndiyo toba pekee niliyowahi kuisikia kwake. Kisha akajifunga shali, akachukua chungu cha supu ya maziwa na viazi, akaenda kwa Ubaldina. Alikaa huko siku mbili akimkanda mtoto na kumwamsha mama yake ale.

Homa ilimtoka Yoiner siku ya pili ile. Nesi alisema ni dawa imefanya kazi, na mimi sibishani na nesi. Mwishoni mwa Januari waimbaji walikuja, Mtoto akasimamishwa na vijiti viwili vimefungwa chini ya gauni, na Ubaldina akasimama nyuma kabisa, Yoiner mgongoni. Kwaresima yule mtoto alisimama mwenyewe akimfukuza kuku. Mimi nilikuwa nimeshajifungua, tarehe kumi na tisa Februari, baada ya wiki nne za kungoja kila jioni adhabu yangu. Mkunga alifungua mdomo aniambie kama ni wa kike au wa kiume, nikamwambia kwanza anionyeshe miguu. Aliniona mwendawazimu. Ilikuwa miwili, mizima, yenye hasira.

Tulimwita Nazaret. Alipofikisha siku arobaini Ubaldina alikuja na mayai kumi na mawili kwenye kikapu. Alimpokea mtoto, akamfungua shuka, akaishika ile miguu akaibusu mmoja mmoja, akamfunika vizuri. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikamwambia, “Mama Yoiner, nakuomba uwe mama yake wa ubatizo.”

Aliendelea kumpakata, anamtikisa kidogo, hanitazami.

“Nitakuwa,” akasema. “Mtoto nampenda. Wewe, bado.”